Mwavuli Wangu Ulipolala

Nilikuwa nimepiga magoti barazani na vijiti kumi na viwili vya mishikaki na uzi mweusi wa kusukia nywele, nafunga mashina ya ua moja baada ya jingine kama mtu anayemganga kuku aliyevunjika mguu. Nikishalinyanyua hili, lile la pembeni linalala. Mume wangu akapita na kikombe chake cha chai, akasimama, akauliza, "Unaokoa ua au unangoja nyama ije?" Sikumjibu. Ilikuwa Februari, na anayeijua Tegeta wakati wa kaskazi anajua kwamba saa nne asubuhi ukuta wa nyumba tayari umeshika moto.

Ua lenyewe nililinunua mwanzoni mwa Januari kwenye kitalu kimoja kandokando ya Barabara ya Bagamoyo. Nililiona kwa mbali nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo kisicho changu. Mashina membamba ya kijani, manyoofu, yamenifika kiunoni, na kila shina kileleni limekunjua majani yake pande zote kama njiti za mwavuli uliofunguliwa. Kijana muuzaji aliuita hivyo hivyo, mwavuli. "Hausumbui huu, dada. Mwagilia mara mbili kwa wiki, ila usiuzidishie maji tu."

Hayo ya mwisho yalinikaa. Mimi nimeshaozesha mishubiri mitatu na waridi la jangwa moja, yote kwa mkono mwepesi wa kumwagilia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na nyoka wangu mimi ni maji. Basi nikajiwekea Jumatano na Jumamosi, jagi moja moja, na nikaona raha kila maji yalipochuruzika kwenye vitundu vya chini ya chungu. Nilidhani limeshiba.

Wiki ya kwanza ikapita salama. Ya pili nikaanza kuona kwamba mchana zile njiti za mwavuli zinashuka, zinaning'inia kama mwavuli uliolowa, na ikifika jioni zinajinyanyua tena. Nikasema ni jua tu. Wiki ya tatu hazikujinyanyua, na sasa mashina yenyewe yakaanza kuinama. Ukiliangalia shina kwa karibu utaona mahali lilipokunjika: linabonyea kama mrija wa soda ulioukunja kwa kidole, linafanya kiwiko, na pale kwenye kiwiko pana mstari mweupe. Likishafika hapo, siku mbili tatu baadaye juu yake kote kunakuwa njano.

Ndipo nilipoanza ufundi. Kwanza nililihamishia kwenye korido, nikiamini jua ndilo adui. Huko likatoa mashina mapya matano, nikafurahi na kupiga picha. Lakini yalikuwa meupe meupe, marefu, membamba kama tambi, yote yanauelekea mlango ulikotoka mwanga, na kabla hayajafungua miavuli yake yakalala yote upande mmoja. Nikaona limekosa chakula. Nikachota urea nusu kiganja kwenye mfuko uliobaki wa mahindi ya uani, nikainyunyiza kwenye udongo mkavu na kumwagia jagi langu la Jumatano. Kumpa mgonjwa mwenye kiu mbolea ya chumvi juu ya udongo mkavu! Leo nikikumbuka najionea haya. Ndani ya wiki moja ncha zote zilikuwa zimeungua kama zimepitishwa kwenye mshumaa. Hapo ndipo nilipofikia kwenye vijiti vya mishikaki.

Mama mkubwa alikuja mwishoni mwa mwezi ule kutoka Ifakara, kwa ajili ya kliniki ya macho. Amelima mpunga maisha yake yote. Aliingia getini, nikampokea mzigo na shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa barazani.

"Hii nini umeifunga funga hivi?"

"Ua, mama. Linaumwa."

Akaliinamia. Hakugusa majani, alishika shina moja chini kidogo ya mwavuli wake, akalizungusha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, mara moja, mara mbili, kama mtu anayesikiliza. Kisha akasema, "Hii ndago."

"Si ndago mama mkubwa, ni ua. Nimenunua elfu kumi na tano."

"Umenunua ndago elfu kumi na tano." Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi na mkoba wake mapajani. "Sisi kule tunawalipa vibarua waing'oe." Alipopata pumzi akauliza maji yake yako wapi. Nikamwambia namwagilia Jumatano na Jumamosi. "Kwani iko kwenye dozi? Mwanangu, hii ni kitu cha majarubani. Inasimama kwenye maji miguu yote. Maji yakikauka, inalala. Wewe umeiweka jangwani halafu unaifunga kamba isimame."

Nikishika shina la ndago sasa naelewa alichokuwa anakitafuta. Shina la nyasi ni la mviringo, ukilizungusha linateleza. Shina la ukoo huu lina pembe tatu, vidole vinazihesabu. Kwenye mwavuli pembe hizo zimefifia chini, ila karibu na kilele unazipata.

Hakuwa amepatia moja kwa moja, lakini alikuwa karibu kuliko mimi na kuliko kijana wa kitalu. Usiku ule nilitafuta. Ua langu kitaalamu ni Cyperus involucratus. Wauza maua wengi huliita Cyperus alternifolius, jina la ndugu yake wa Madagaska, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama hao ni wawili au mmoja. Ndago inayotesa wakulima ni Cyperus rotundus, na mafunjo yale marefu ya Ziwa Viktoria na Naivasha ni Cyperus papyrus. Ukoo wao una aina zaidi ya 5,000 duniani. Mwavuli si mgeni hata kidogo. Asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, unaota kandokando ya mito na madimbwi bila kumwagiliwa na mtu. Mume wangu aliposikia hilo alirudia bei mara tatu.

Nikajifunza pia kwamba yale niliyokuwa nikiyaita majani si majani hasa. Ni vijani vinavyolizunguka ua dogo la kahawia linalotoka kileleni. Majani yenyewe ya mmea huu yamesinyaa yakabaki ala tu, zile ngozi za kahawia zilizokumbatia shina pale chini, ala isiyo na kisu. Kazi ya kula jua hufanywa na hivyo vijani na shina lenyewe la kijani. Kwa hiyo shina likishafanya kiwiko, bomba limekatika na juu kule hakuna kinachofika. Vijani vilivyolegea tu kwa kiu vitajinyoosha ukivipa maji. Shina lililovunjika kiuno haliinuki, hata ulifunge kwa nondo.

Kesho yake asubuhi tukaling'oa. Nasema tukaling'oa, lakini mama mkubwa alikaa kwenye kigoda akaelekeza. Chungu kilikataa kuachia, ikabidi nikikate kwa kisu ubavuni. Kilichotoka kilikuwa na umbo la chungu kile kile, mizizi mitupu, imejizungusha na kujisokota hadi udongo hauonekani. Nikaingiza kidole katikati nikapasua. Katikati pale palikuwa pakavu kama ugoro. Vumbi lilitoka, kweli kabisa, kwenye ua nililokuwa nimelimwagilia jana yake. Maji yangu yote ya Jumatano na Jumamosi yalikuwa yanapita kwenye upenyo kati ya mizizi na plastiki, yanashuka kando na kutokea kwenye vitundu vya chini, na mimi nimesimama pale nafurahia mchuruziko.

Tukalizamisha lote kwenye ndoo ya maji. Likaelea. Nikaliwekea jiwe juu. Mapovu yalianza kupanda, mengi kwanza, kisha moja moja, na nilipotoka kupika chakula cha mchana yalikuwa bado yanapanda. Tuliliacha humo hadi jua lilipopungua. Kisha kugawa. Kisu cha mkate kilishindwa, nikachukua panga, nikaligawa mafungu matatu, kila fungu na mizizi yake na vichipukizi vyake. Katikati palipozeeka na kuwa kama ukuni nikapatupa.

Vyombo vyetu vilikuwa ndoo tatu za rangi za lita 20 zilizobaki tulipopaka nyumba, zimesuguliwa vizuri. Kitundu sikuweka chini. Niliweka kimoja ubavuni, vidole vinne kutoka mdomo wa ndoo, ili maji yakae ndani lakini mvua kubwa isije ikafurisha. Ndani nikaweka udongo mweusi wa bondeni, ule unaoshika mkononi ukiufinya, nimeuchanganya na samadi iliyooza sawasawa, kama sehemu tatu kwa moja. Shingo ya mmea iwe pale pale ilipokuwa kwenye chungu cha zamani; ukiizika chini zaidi inaweza kuoza.

Kukata ndiko kulikonishinda moyo. Siku niliyolinunua lilikuwa na mashina 31. Yaliyolala au kufanya kiwiko yalikuwa 19, ukijumlisha yale ya kwenye korido, na mengine bado yalikuwa na kijani kileleni. Nikawa nachagua, nauliza kama hili haliwezi kupewa nafasi. Mama mkubwa alinyoosha mkono akanipokonya kisu. "Lililolala halisimami. Hilo si mtu." Akayapitisha yote, chini kabisa, chwa, chwa, chwa. Tulipomaliza, ua langu la elfu kumi na tano lilikuwa ndoo tatu za tope zenye mashina machache yanayoyumba. Tukazipanga upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua hadi adhuhuri kisha kivuli cha ukuta.

Siku ya tisa nikaona ncha. Zilitokea pembeni ya ndoo ya katikati, kijani kibichi, ngumu, zimechongoka kama sindano ya kushonea magunia. Kila moja ilipanda ikiwa imeufunga mwavuli wake kileleni kwa nguvu, na ilipofika karibu na urefu wake ndipo ikaanza kuukunjua, kijani kimoja kimoja. Mashina haya ukiyapiga kwa kidole yanarudi mahali pake. Masika yalipochanganya mwezi wa nne niliacha kuhesabu.

Shida ya pili ilinijia nikiwa nimeshajisifu kwa majirani. Mmea umesimama vizuri, lakini ncha za vijani zinakauka, kahawia, kama uzi. Nikazikata kwa mkasi, zikarudi. Nilipoona ukoko mweupe kwenye mdomo wa ndoo ndipo nikaelewa. Kwetu maji ya bomba yakiwa kwenye mgao tunatumia kisima, na kisima chetu ukipikia chai huhitaji kuambiwa kina chumvi. Kwenye ndoo isiyo na kitundu chini, chumvi hiyo haina pa kwenda. Maji yanapanda hewani, yenyewe inabaki, na kila jagi unaongeza nyingine.

Wakati wa masika jibu lilikuwa jepesi, nilitega maji ya bati. Mvua zilipokatika nikahangaika kidogo, hadi siku moja nilipokanyaga dimbwi nyuma ya chumba chetu cha kulala. Kiyoyozi! Ule mpira wake wa nje unadondosha usiku kucha, na maji yake ni mvuke wa hewani uliopoa ukageuka maji, hayana chumvi. Nikatega ndoo. Kwa joto la Dar na unyevu wake, asubuhi nakuta nusu ndoo au zaidi. Ndiyo maji ya miavuli yangu hadi leo, na mara moja kwa mwezi nalaza kila ndoo ubavu, namwaga maji ya zamani na kujaza mapya. Ncha zilizokwisha kukauka hazikurudi kijani, ila mashina yaliyofuata yalitoka safi.

Sasa mbu. Sitaki mtu asome hapa akajaze ndoo za maji uani kwake halafu anilaumu. Dar tulipigwa na dengi mwaka 2014, tukapigwa tena 2019, na ile ya 2019 ilinipitia mimi mwenyewe. Wiki nzima nilikuwa natembea kama bibi kizee, viungo vyote vimegoma. Mbu wake ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, na anapenda maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani kama hivi hivi, tena mayai yake anayabandika kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Jirani alinishauri nifuge perege humo. Ndoo ya lita 20 si bwawa. Nilichofanya ni kumwaga kokoto ndogo juu ya udongo hadi zikafunika, kisha nikatoboa kitundu kipya cha ubavuni chini kidogo ya cha kwanza, ili maji yasipande juu ya kokoto. Ukiangalia ndani huoni maji, unaona mawe yaliyolowa. Nachomeka kidole, nikiyagusa maji chini ya kiungo cha kwanza, inatosha. Na kila wikiendi nasugua ukingo wa ndani kwa brashi.

Vile vichwa 19 vilivyokatwa, mama mkubwa alikataa visitupwe vyote. Alichagua 11 ambavyo bado vilikuwa kijani, akaacha kipande cha shina cha vidole viwili, akapunguza vijani kwa mkasi hadi nusu, kisha akavigeuza kichwa chini miguu juu na kuviacha vielee kwenye beseni la maji kivulini. Nilidhani ananitania. Baada ya wiki tatu hivi, yeye akiwa ameshaondoka, pale vijani vinapokutana pakatoka mizizi myeupe kama nyuzi, na katikati yake kimwavuli kidogo cha urefu wa kiberiti. Saba vilishika, vinne vikaoza. Maji ya beseni nilikuwa nabadilisha kila baada ya siku mbili, kwa ajili ya mbu wale wale. Nilimpigia simu kumwambia, akaniuliza kama sasa nitaanza kuuza ndago mjini.

Siku hizi nikiona mwavuli umeinama sikimbilii kamba. Naangalia umeinamia wapi. Vijani vimening'inia mchana lakini shina limenyooka, hapo naenda kuchomeka kidole kwenye kokoto. Mashina yote yamelalia upande mmoja, membamba na mepesi, ndoo imewekwa gizani au mtu ameibandika mbolea nyingi. Shina limelainika na kuwa jeusi pale chini, maji yameoza, nayanusa. Na moja moja la zamani likiwa njano lenyewe baada ya kutoa maua yake, huo ni uzee, nalikata tu. Yapo pia maajabu yasiyo na tiba. Kwa mwezi mzima nilikuwa nalaumu chumvi kwa ncha zilizochanika kwenye ndoo ya tatu, hadi asubuhi moja nikamkuta paka wa jirani amesimama kwa miguu ya nyuma, amefumba macho, anatafuna mwavuli wangu kwa utulivu kama mtu mwenye mirungi yake.

Mwezi wa kumi nilipita tena kwenye kile kitalu kununua mifuko ya miche. Kijana yupo, miavuli imepangwa mbele, na nikaona kitu ambacho Januari sikukiona. Yote ilikuwa imekalishwa kwenye karai pana lililojaa maji.

Nikamwambia, "Wewe uliniambia mara mbili kwa wiki."

Akaangalia karai, akaniangalia, akacheka kwa aibu. "Sasa dada, ningekwambia unataka kukaa kwenye maji, ungenunua? Watu wa huku mkisikia maji mnawaza mbu."

Nikanunua mifuko yangu ya miche, na kabla sijaondoka nikamwonyesha kwenye simu picha ya kokoto.